Panda kwa Nafasi

Kituo cha Majaribio ya Mbegu
28 Oktoba

Mama Mdogo,

Shikamoo. Mimi mzima, natumaini hata nyumbani hamjambo.

Naandika kwa sababu moja. Juzi Kaka Mkubwa alipita hapa kituoni akienda kununua mabati ya duka lake, tukazungumza habari za shamba la bondeni. Unajua kwamba mwenye tanuri la matofali analitaka kwa ajili ya udongo wake, na tangu baba afariki hajaacha kumganda Kaka. Kaka yuko tayari kumpa. Nilichoweza kupata kwake ni msimu mmoja tu. Shamba likitoa magunia kumi ya soya, litabaki mikononi mwako kama baba alivyotaka. Lisipotoa, wataanza kuchimba baada ya mavuno. Ameapa, nawe unamjua akishaapa.

Mbegu nakutumia kwa kondakta wa basi. Ni mfuko mmoja, umeshonwa kwa uzi mwekundu. Usizile wala usimgawie mtu.

Nakuomba jambo moja. Mwaka huu panda kwa nafasi. Usipande kama alivyokuwa akipanda baba. Namna yake ile ililichosha shamba na kuwachosha ninyi wenyewe, na mavuno hayakuwa ya kujivunia.

Kazi imenibana, kwa hiyo sitaandika mara kwa mara.

Ndimi,
Bwana Shamba, kama mnavyoniita huko

---

Nyumbani
9 Novemba

Mwanangu Bwana Shamba,

Marahaba. Mbegu zimefika salama na uzi wake mwekundu. Kondakta alitaka kujua ndani mna nini, nikamwambia meno ya mamba, akaniachia upesi.

Barua yako nimeisoma, nikairudia, kisha nikamsomea jirani yangu fundi cherehani, naye akaacha kushona ili asikie vizuri. Tangu niolewe nyumba hii hujawahi kuniandikia. Nilikukuta mtoto wa bweni, ukija likizo unaniamkia na kupita. Sikukulaumu, maana mtoto aliyefiwa na mama yake halazimishwi kumpenda mwingine. Lakini nilipofika pale uliposema nipande kwa nafasi, nisiwe kama baba yako, nilikaa chini. Nakwambia kweli, machozi yalinitoka.

Wewe uliona, kumbe. Wingu likijitokeza tu, hata likiwa ni moshi wa lile tanuri, baba yako alitutoa kitandani kwa makelele. Tulipanda tukikimbizana, yeye anarusha mbegu kushoto na kulia, sisi nyuma na majembe tunafukia, mgongo unawaka moto. Ukisema umechoka unaambiwa mvua haikungoji. Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema, lakini kupumzika hakukujua.

Hayo magunia kumi yamenitia hofu, sikufichi. Shamba hili likienda, sioni nitakaa katika nyumba hii kwa kazi gani. Lakini wewe ndiye uliyezisomea mbegu, na nitafuata neno lako. Nitamaliza kwanza palizi ya mahindi ya juu, kisha fundi aje azibe dari la jikoni, halafu nitapanda kwa nafasi kama ulivyosema.

Mama yako Mdogo

---

Kituo cha Majaribio ya Mbegu
6 Desemba

Mama Mdogo,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Barua yako niliipata siku tuliyokuwa tukipanda hapa, nikaisoma juujuu nimesimama.

Kwa hesabu yangu soya yako sasa imepita kifundo cha mguu. Hapa tumegawa shamba vipande vitatu. Cha kwanza tumerusha mbegu ovyo, kwa mtindo wa baba. Cha pili tumepanda kwa mistari mipana, sentimita sitini kutoka mstari hadi mstari. Cha tatu ni mistari ya kubana, nusu ya hapo. Mkuu wangu ni mtu wa mistari mipana, hii ya kubana anaiita foleni ya mkate. Kipande cha kurusha hatukitazamii kitu, tumekiweka ili tuwe na cha kulinganishia. Ukirusha, mbegu nyingine huangukia pamoja zikanyang'anyana mwanga na chakula, na penginepo haianguki hata moja, magugu yakapata uwanja.

Niandikie umeweka umbali gani kati ya mstari na mstari, na kati ya mche na mche. Nitakwambia kama upunguze. Niambie pia kama umeshapalilia mara ya kwanza.

Ndimi,
Bwana Shamba

---

Nyumbani
12 Desemba

Mwanangu,

Barua yako imenichanganya. Mistari gani, na kifundo gani cha mguu? Mbegu zako ziko chumbani, kwenye mfuko wake. Uzi sijaukata. Wewe mwenyewe ulisema nipande kwa nafasi, nikaona nimalize yaliyo mbele yangu. Mahindi yamekwisha palizi, dari la jikoni limezibwa, na wiki iliyopita nililala siku nzima, nikakuombea dua. Nilikuwa nimepanga kuanza soya wiki ijayo.

Mvua imeshakuwa nzito. Jirani zangu soya zao zimesimama, na kila nikipita wananitazama kama mtu aliyepotewa na akili. Nimekuwa nikiwajibu kwamba mwanangu mtaalamu ndiye aliyeniambia nisijichoshe. Fundi cherehani peke yake ndiye aliyeguna, akaniuliza kama nina hakika na barua. Nikamwambia soma mwenyewe. Akasoma, akasema mbona imeandikwa wazi.

Niambie kama nimekosea mahali.

Mama yako Mdogo

---

Kituo
15 Desemba

Mama Mdogo,

Nampa kondakta barua hii mkononi na nimemwambia asilale nayo.

Panda kesho. Nilimaanisha nafasi ya shamba: umbali kati ya mmea na mmea. Sikusema habari ya kupumzika na sielewi ulifikaje huko. Mtu yeyote anayelima angeelewa.

Umechelewa sana, kwa hiyo usiweke mistari mipana. Soya iliyochelewa haipati muda wa kurefuka wala kutanua matawi. Ukiipa nafasi kubwa haitaweza kuufunika udongo, jua litapiga katikati na magugu yatatawala. Bana mistari. Iwe sentimita thelathini, na ndani ya mstari mbegu ifuate mbegu kwa sentimita tano. Chimba kifereji chembamba, usifukie kwa kina kirefu. Tumia kamba iliyonyooka. Mbegu ni nyingi, zitatosha hata ukibana.

Usirushe hata mbegu moja.

Bwana Shamba

---

Nyumbani
21 Desemba

Kwa Mtaalamu wa Mbegu,

Soya imepandwa. Kamba ilikuwa ya kuanikia nguo. Vipimo vilitokana na futi ya fundi cherehani, ile ya kupimia viuno vya watu, naye alikuja mwenyewe kuishika upande mmoja kwa sababu hamwamini mtu nayo. Mistari imenyooka. Mbegu zilipandwa kwa umbali ulioagizwa.

Zilibaki mbegu kidogo na kona moja ya chini haikufikiwa na kamba. Hizo nilizirusha. Nilijua umekataza. Ni kona ndogo, na aliyekuwa akirusha amekufa, hakuna aliyebaki wa kumrushia isipokuwa mimi.

Sina la zaidi.

Mke wa marehemu baba yako

---

Dukani
28 Desemba

Mdogo wangu,

Salamu. Biashara inakwenda, watoto hawajambo, shemeji yako anakusalimu na anauliza utaoa lini. Mimi nimechoka kukujibia.

Nilikwenda bondeni kabla ya sikukuu na mwenye tanuri. Nilitegemea kukuta soya ya kujivunia. Nikakuta udongo mtupu na vijistari kama sare ya shule, na Mama Mdogo amesimama katikati na kamba ya nguo shingoni. Nikamuuliza vipi, wenzako wanapalilia, wewe ndio kwanza unapanda? Akaniambia bila kupepesa macho kwamba alizembea. Alilala, akasema. Barua yako ilikuwa wazi kabisa, ila yeye ndiye aliyeipuuza.

Basi mimi nifanye nini? Mwenye tanuri alicheka mpaka akakohoa. Ameshapigilia vigingi vyake kona ya chini, ajue pa kuanzia. Nimemwachia. Ahadi ni ahadi, msimu haujaisha, lakini wewe msomi tafadhali usinililie mwezi wa nne. Ulimtetea mwanamke huyu hadi mate yakakukauka, na yeye alikuwa amelala.

Kaka yako

---

Dukani
14 Januari

Mdogo wangu,

Barua yako niliifungulia kwenye kaunta mbele ya wateja, na hilo lilikuwa kosa, maana nilicheka na mteja wa misumari akadhani namcheka yeye. Akaenda kununua misumari kwenye duka la jirani.

Kwa hiyo neno lilikuwa lako. Miaka yote ile shuleni, mpaka ukapewa koti jeupe, na huwezi kumwandikia mtu "weka umbali"? Hata mimi ukiniambia nipande kwa nafasi nitakwambia asante, nikalale. Siku nyingine andika kama unavyoandika anwani ya posta, mtu asipotee.

Lakini kimoja hakinikai kichwani. Kama neno lilikuwa lako, kwa nini yeye aliubeba mzigo? Nilimwambia maneno mazito pale shambani, tena mbele ya mgeni. Alisimama tu na kamba yake shingoni. Ningejua nisingesema yote.

Hata hivyo nisikilize. Mimi niliapia magunia kumi. Sikuapia nani alikosea. Yakipungua, tanuri litachimba, na mwenye tanuri ananisikia kila siku nikisema hivyo. Siwezi kugeuka leo.

Kaka yako

---

Kituo cha Majaribio ya Mbegu
2 Februari

Mama Mdogo,

Shikamoo.

Kaka ameniandikia uliyomwambia shambani. Nimemweleza ilivyokuwa. Nimeona aibu, na nimeona vema niseme hivyo bila kuzunguka. Aibu ya kwanza ni ya lile neno. Ya pili ni ya barua yangu ya Desemba, niliyoiandika kwa hasira ya mtu aliyeogopa. Nakuomba radhi kwa zote mbili. Sijaelewa kwa nini ulinifunika, na sikustahili.

Kuna jambo jingine unapaswa kulijua. Nilipokuambia ubane mistari, niliandika kama mtu mwenye hakika. Sikuwa nayo. Nilikuwa nimeisoma kwenye vitabu, na mkuu wangu haiamini. Kile kipande chetu cha kubana kilikuwa bado kichanga, hakijaonyesha lolote. Nilikisia, na nilikisia juu ya shamba lako.

Sasa naweza kusema kidogo. Mwishoni mwa Desemba tulipanda vipande vingine vya kuchelewa, niliviombea ruhusa mimi mwenyewe. Kwenye mistari mipana udongo ungali unaonekana, na vibarua wanapalilia kila mara. Kwenye ile ya kubana majani yameanza kugusana na magugu yanasinyaa chini yake. Mkuu amepita hapo asubuhi mbili mfululizo bila kusema kitu. Kwa kawaida yake hiyo ni nusu ya kukubali. Ila majani si magunia, na sitaki kukupa moyo nisiokuwa nao.

Ya kwako yamegusana? Ukiona maua, usiingie shambani asubuhi kukiwa na umande, utaeneza magonjwa.

Ndimi,
Bwana Shamba

---

Nyumbani
5 Machi

Bwana Shamba,

Marahaba. Radhi nimekupa. Nilikuwa nimekukasirikia, tena sana, nikawa naiweka barua yako ya Desemba chini ya sufuria la maji ya moto, mpaka ikatoboka. Hasira zimeisha, barua nayo imeisha.

Unauliza kwa nini nilikufunika. Usinitie utakatifu. Katika ukoo huu mtu pekee ambaye kaka yako humsikiliza kuhusu shamba ni wewe. Angejua umekosea, siku hiyo hiyo angeacha kukusikiliza, na mimi nisingekuwa na mtu. Mimi kuitwa mvivu hakuniondolei kitu, walishaniita zaidi ya hapo nilipoolewa. Nilipiga hesabu, ndiyo hiyo. Huruma nayo ilikuwemo, lakini kidogo.

Habari ya soya. Ni fupi, nusu ya zile za jirani. Mara ya kwanza nilipoiona hivyo nilishindwa kula. Lakini imefungana. Ukisimama juu barabarani huoni mistari, unaona mkeka. Nimepalilia mara mbili tu, wenzangu wako kwenye ya nne. Maganda yameanzia chini kabisa na kupanda mpaka juu, mengine yana punje tatu. Jirani niliyekuwa simwamkii alikuja kuchungulia, akauliza nimeweka dawa gani. Nikamwambia futi ya fundi cherehani.

Kile nilichorusha kona ya chini, karibu na vigingi vya mwenye tanuri, ni aibu. Pale zilipoangukia pamoja zimerefuka kama watoto wanaogombania dirisha, mashina membamba, na upepo wa juzi umezilaza. Kwingine ni magugu matupu. Maganda yapo, machache, mengi yako juu juu. Nimeziacha. Sikupata moyo wa kuzing'oa.

Siwezi kukwambia kama ni magunia kumi. Kila nikitazama nahesabu, na kila nikihesabu napata idadi nyingine. Siku nyingine napata nane tu. Usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu.

Mama yako Mdogo

---

Dukani
29 Aprili

Mdogo wangu,

Tumepima jana. Nakuandikia mwenyewe kabla hujasikia kwa watu na chumvi zao.

Mizani ilikuwa yangu, ya dukani. Mwenye tanuri alikuja na vibarua wake na sururu, wakakaa kivulini. Tukajaza. Magunia tisa tukayashona. La kumi likajaa, nikataka kulishona, mwenye tanuri akasema ngoja. Akalishika masikio, akalitikisa, akalibwaga chini mara mbili, na punje zikashuka zikaacha mahali pa kumimina sahani kadhaa. Akaniambia hilo si gunia, hilo ni mfuko. Mizani nayo ikamuunga mkono.

Sikufichi, roho iliniuma. Nilitazama chini. Mama Mdogo alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi na ndoo ya soya chafuchafu, nyingine ndogo, nyingine zimekunjamana. Akasema ni za kona ya marehemu, hakuwa amezichanganya kwa sababu si nzuri. Akazimimina. Gunia likajaa mpaka shingoni na ndoo ikabaki na kitu. Mwenye tanuri akapiga kelele kwamba hizo si za mistari. Nikamwambia mimi niliapia magunia, sikuapia mistari, na soya ya baba yangu ni soya. Akang'oa vigingi vyake mwenyewe. Kimoja kilimvunjikia.

Kwa hiyo shamba limepona. Leo asubuhi nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa tukaandikisha, ili maneno yaishe. Nimeliandikisha kwa jina lako. Usishangae. Mama Mdogo bado ana nguvu zake, anaweza kuolewa kesho, shamba likaenda na mume mwingine. Likiwa lako yeye atalima kama kawaida, hakuna atakayemwondoa. Nimemweleza. Amesema sawa, akaenda kuanika magunia.

Kaka yako

---

Kituo cha Majaribio ya Mbegu
16 Mei

Kwa Mwenye Shamba la Bondeni,

Shikamoo.

Jumatatu nilikuja kwa basi la asubuhi mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa, na nikarudi kwa hilo hilo. Sikupita nyumbani, nisamehe. Niliogopa kwamba tukionana utanikataza, kwa sababu Kaka anasema ulisema sawa, na mimi siiamini hiyo sawa. Karatasi ya zamani imechanwa mbele yangu. Mpya ina jina lako peke yako. Shamba ni lako kulima, kukodisha, kumrithisha umtakaye, na hata kuondoka nalo ukiolewa kesho. Nimemwambia Kaka. Amenuna, ananijibu kwa kupitia shemeji. Atapoa.

Sasa naandika kwa jambo la kazi. Hapa kituoni kipande cha kubana kilichopandwa kwa kuchelewa kimeshinda cha mistari mipana, na kile cha kurusha kimekuwa cha mwisho, kama ilivyotarajiwa. Vya mapema vilikaribiana. Mkuu wangu amesema mwaka mmoja hautoshi na kituo kimoja hakitoshi. Anataka kuona yaleyale kwenye shamba la mkulima. Kwa hiyo tunaomba ruhusa yako tutumie sehemu ya shamba lako msimu ujao, baadhi kwa kupanda mapema na baadhi kwa kuchelewa kwa makusudi. Mavuno yote yatakuwa yako. Barua rasmi yenye muhuri imeambatanishwa. Ukikubali tutakuja watatu, mkuu, mpimaji na mimi, mwanzoni mwa mwezi wa kumi. Ukikataa, hakuna atakayekuuliza sababu.

Ndimi,
Bwana Shamba

---

Nyumbani
27 Mei

Bwana Shamba,

Marahaba. Mwenyekiti aliniletea karatasi mwenyewe, na viatu amepiga rangi. Nimeisoma. Nilikuwa nimeshafunga vitu vyangu kwenye sanduku tangu kaka yako aliponieleza, si kwa hasira, bali nilikuwa nimechoka kulima kwa hisani ya watu. Jioni hiyo nilifungua sanduku, nikarudisha nguo zote mahali pake. Hiyo ndiyo shukrani yangu, zaidi ya hapo nitaanza kulia na karatasi itachafuka.

Ombi lenu nimelikubali. Masharti ni haya. Vipande vitakuwa upande wa juu, kona ya chini msiiguse. Futi ya fundi cherehani itatumika, amekataa katakata kusikia kwamba mna ya kwenu. Na mkuu wako asiite mistari yangu foleni akiwa ndani ya shamba langu.

Wageni wako wawili waje bila wasiwasi. Watapangiwa chumba cha mbele, watapelekewa maji ya kuoga, watapikiwa na kuandaliwa mezani kama inavyotakiwa. Wewe usingoje kuandaliwa. Ukifika zunguka nyuma, ingia jikoni, funua sufuria ujipakulie.

Mama